Baba, Ofisa Ndiye Huyo

Sikilizeni, wapendwa, na wenye simu mkononi ziwekeni kwanza.

Palikuwa na binti mmoja, mtu mzima kabisa, fundi wa kushona, ugonjwa ukamnyang'anya macho. Tangu hapo nyumbani wakamgeuza mtoto. Anapakuliwa, anavalishwa, akigusa sufuria wanapiga kelele: "We! Utaungua!" Moyo ulikuwa unamchemka. Kisha redio ikatangaza kwamba serikali ina chuo kinachowafundisha kazi wasioona na kuwatafutia ajira. Binti akamng'ang'ania baba yake wee, mpaka mzee akachoka. Wakaenda siku ya mwisho ya kujiandikisha.

Kuingia ofisini, baba akamwona mwanamume wa miwani myeusi ameketi nyuma ya meza, fimbo nyeupe pembeni. Mnajua alifanya nini? Alichomoa sarafu akaiweka mezani! "Pole, ndugu yangu, Mungu atakujalia. Ofisa yuko wapi?"

"Ofisa ni mimi, mzee. Karibu ukae."

Baba akacheka. "Acha utani bwana, sisi tuna shida ya kweli." Akamvuta binti nje, wakakaa kwenye benchi kumngoja ofisa mwenye macho.

Wakangoja, wakangoja. Watu wanaingia, wanatoka wakishukuru. Binti anamsikia yule bwana akiuliza maswali, akipiga simu, akimbana mwajiri fulani ampokee kijana aliyehitimu. Na muda unakwisha.

"Baba, ofisa ndiye huyo."

"Huyo haoni, mwanangu. Atakusaidia nini?"

Binti akauchomoa mkono wake. "Na mimi sioni. Sasa umenileta hapa nikafundishwe nini?"

 Binti akasimama, akaanza kupapasa ukuta.

"Utaanguka!"

"Nikianguka nitainuka. Niache, baba!"

Akajigonga kwenye fremu ya mlango, akaumia, lakini hakurudi nyuma. "Shikamoo. Nimekuja kujiandikisha."

"Marahaba. Nilikuwa nakaribia kufunga. Kaa hapa."

Mnamcheka yule mzee, eti? Msimcheke upesi. Sisi hapa kila Jumapili tunamweka dada yetu asiyeona benchi la mbele, tunamwekea mikono macho yafunguke. Sawa, tuombe. Lakini yeye alituomba nini? Aliomba kufundisha watoto wetu! Amesomea ualimu, cheti cha serikali anacho. Na sisi tukamjibu, "Pumzika, mama." Apumzike amechokea wapi? Serikali imemtazama ikaona mwalimu. Sisi tunaojiita watu wa Roho tumemtazama tukaona mgonjwa. Jamani, hatuoni haya?

Basi nasema mbele zenu wote. Tukimaliza hapa, watoto wataingia darasani, na dada yetu ataingia nao, ndiye mwalimu wao. Kama kuna anayetaka kumzuia mlangoni, aanze na mimi.