Mashua ya Bi Mize

Wategeanapo ndugu, maji hupata mlango.

Mmecheka niliposema hivyo, wajukuu zangu, na huku ubwabwa umeshaungua. Saumu alidhani Bakari anautazama, Bakari naye akadhani ni Saumu. Sasa mnaniuliza maji yameingiaje kwenye habari ya sufuria. Haya, kaeni, na madirisha yaacheni wazi moshi utoke. Methali hii ilianza hivi.

Hapa Chokaani palikuwa na mama mmoja mjane, Bi Mize. Mumewe alimwachia mashua, binti mmoja, Mwanaidi, na wana wawili wa kiume, Shaame na Khatibu. Baba hata arobaini yake haijasomwa, wale wawili walishagombana nani ashike usukani. Tangu hapo hawakusemeshana. Walikula sinia moja, kila mmoja akichota upande wake.

Mwanaidi akaposwa ng'ambo ya mkondo. Bibi arusi alitakiwa kuvushwa na mashua ya kwao, pamoja na mashangazi na vyombo vyake, na mashua yenyewe ilikuwa imekaa juu ya magogo tangu msiba, mbao zimekauka na kuachana. Ilibidi itengenezwe upya.

Desturi yetu ni kwamba chombo cha nyumba hakikalafatiwi, yaani hakizibwi nyufa zake, na mtu wa nje. Wanawake husokota pamba na kuiloweka mafuta ya nazi, wanaume huipigilia katikati ya mbao kwa patasi na nyundo. Shaame akaanzia omo, mbele, na Khatibu akaanzia tezi, nyuma. Walikuwa wakutane katikati.

Na kazi waliifanya vizuri, sitawasingizia. Lakini kadiri walivyokaribiana ndivyo walivyokwepana. Khatibu akija, Shaame anakumbuka shughuli nyingine. Mwishowe Shaame akaacha kipande kidogo, akasema moyoni, "Atamalizia yeye, si ndiye fundi?" Khatibu akakiona, naye akasema moyoni, "Nimmalizie kazi yake, mimi mtumishi wake?" Binamu zao wakaja kupaka deheni, ile chokaa iliyochanganywa na mafuta, na mashua ikawa nyeupe pe! Aliyeitazama aliipenda.

Siku ya kuishusha majini ilipokaribia, Mwanaidi akaja pwani na mashangazi zake, wamejitwika ndoo za maji ya kisima.

"Ya nini hayo?" akauliza Shaame.

"Ya kumimina ndani, kaka."

"Maji ndani ya chombo kabla hakijaiona bahari? Unatutakia mkosi?"

"Mie ndo n'takayekaa humo," akasema Mwanaidi. Kweli alikuwa anaogopa. "Nyinyi hata salamu hampeani. N'tajuaje kama mmejenga chombo kimoja?"

Hakungoja jibu. Akamimina, na mashangazi wakamimina. Maji yakatulia ndani, na watu wakainama kutazama chini. Mbele pakavu. Nyuma pakavu. Katikati, deheni ikafanya ufa, ikabanduka, na maji yakaanza kuchuruzika mchangani.

"Hapo si pangu," akasema Shaame.

"Wala si pangu," akasema Khatibu.

Bi Mize akainama chini ya mashua. Akaupachika mkono wake juu ya ule ufa, na shibiri yake ikaenea sawasawa. Alipoinuka nguo ilikuwa imelowa hadi kiunoni.

"Kweli," akasema. "Si pa Shaame, si pa Khatibu. Basi ni pa Mwanaidi, kwa kuwa yeye ndiye angezama napo."

Mwanaidi alikuwa analia kimya, ndoo mkononi.

Bi Mize akampa mwana mmoja patasi, mwingine nyundo. Kazi ile mtu mmoja huimaliza peke yake, hilo kila mtu alilijua, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Ikabidi mmoja ashike, mwingine apige. Khatibu akaisogeza patasi, kisha akasema neno lake la kwanza kwa nduguye tangu msiba: "Taratibu, kaka, utanivunja kidole." Shaame akacheka, halafu machozi yakamtoka, akajifuta kwa bega bila kuiweka nyundo chini.

Bi Mize akawaambia waliokuwapo, "Mbao hazikuwa na kosa, na pamba ilikuwepo. Wategeanapo ndugu, maji hupata mlango."

Mashua ikashuka. Mwanaidi akavuka na mashangazi wakiimba, na hata ncha ya kanga yake haikulowa. Kwenda, usukani alishika Shaame. Kurudi, akashika Khatibu.

Huyo Mwanaidi ndiye aliyenizaa mimi. Kwa hiyo kipande kile cha shibiri moja kingeachwa vile vile, leo msingekuwa na bibi wa kuwagombeza, wala nyinyi wenyewe msingekuwapo wa kuunguza wali wangu. Saumu, lete sufuria. Bakari, shika kijiko. Kwangueni pamoja, upande mmoja.

Wategeanapo ndugu, maji hupata mlango.