Shangazi wa Sururu

Hapo kale si sana, mwenye nyumba mmoja tajiri, Sururu, alimgongea mpangaji wake, Bi Kidawa.

"Hama kesho! Shangazi yangu anakuja kukaa humu."

"Bila notisi, baba?"

"Nyumba yangu, notisi ya nini?"

"Haya. Shangazi mwenyewe mtu mzima?"

"Ajuza, hata meno hana."

"Maskini! Basi nitamwandalia mapokezi."

Kesho yake Sururu akaleta shangazi: msichana mbichi, hina ya harusi mpaka viwikoni. Mlangoni kasimama mke wa Sururu na bakuli la uji.

"Bi Kidawa kaniita nije nimlishe shangazi yetu," akasema. "Yuko wapi?"

"Ni... ni shangazi mdogo."

Jioni Sururu alionekana mtaani na sanduku kichwani, akiulizia chumba cha kupanga. Bi Kidawa akachungulia dirishani kwake.

"Jaribu kwa shangazi, baba!"