Jino la Bi Zahabu na Kamera Iliyokuwa Njiani

"Kamera ya kesho haipigi jino la leo." Mmeisikia asubuhi hii kwa mama muuza karoti, alipomjibu yule binti aliyesema ataanza kushona siku cherehani yake mpya itakapofika. Mmerudi hapa mkicheka, mnaniuliza kamera na jino vilikutana wapi. Nitawaambia, maana methali hii haina umri mkubwa kama zile mnazokaririshwa shuleni. Ilizaliwa hapa hapa Lushoto, ndani ya studio ya babu yenu Hoza, nami nilikuwa nimesimama mlangoni ilipotamkwa mara ya kwanza. Chanzo chake kilikuwa hiki.

Babu yenu alirithi studio kwa baba yake, na pamoja na studio alirithi kamera ndogo ya filamu. Ndogo kweli, kama kipande cha sabuni ya kufulia, juu ina rangi ya fedha na ubavuni imevikwa ngozi nyeusi. Aliipenda kuliko alivyonipenda mimi, na sisemi hivyo kwa wivu. Aliibeba kwenye mfuko wa shati, mtu akicheka barabarani anaitoa, *ka*, ameshamaliza, mtu hata hajajua. Lakini filamu zikaanza kuadimika. Duka la Tanga lililokuwa likituletea likaacha, na aliyekuwa akitusafishia picha akafungua mgahawa. Hoza akanunua dude la kamera ya kidijiti, kubwa jeusi, lenye lenzi ndefu kama mchi. Picha zake zilikuwa safi, watu walizipenda. Yeye akaliita debe.

"Nikiliinua tu," aliniambia, "watu wanakauka kama wanasubiri kuhukumiwa."

Basi siku moja akaingia jikoni na simu mkononi, macho yanawaka. Amesoma kwamba wale wale waliotengeneza kamera ya baba yake wanaleta mpya: ndogo vile vile, sura ile ile, fedha juu na ngozi nyeusi ubavuni, hata kidirisha cha kuchungulia kipo. Ila ndani ni ya kidijiti, haitaki filamu. Alinionyesha picha yake mara tatu kabla sijaepua sufuria. Wiki ile ile akaagiza kwa mfanyabiashara wa Tanga, Bwana Nasoro, aliyekuwa akileta vifaa kutoka nje. Nasoro akasema mwezi wa sita itakuwa imefika.

Tangu hapo nyumba hii ikawa ya kungoja. Aliichapisha picha ya hiyo kamera akaibandika ukutani studio, pale palipokuwa na kalenda. Alimpelekea fundi viatu vipimo vya kamera, akashonewa kimfuko cha ngozi cha kuning'iniza kwenye mkanda. Kimfuko kikiwa tupu hakikumridhisha. Akachukua mche wangu wa sabuni, akaukata kwa kisu mpaka ukafikia vipimo, akautia humo. Akawa anafanya mazoezi: anachomoa sabuni, anaipeleka jichoni, anabonyeza kwa kidole, anairudisha. Siku moja mvua yetu hii ya manyunyu ikamkuta sokoni bila mwavuli. Alirudi povu linamtiririka pajani, na watoto wa shule wanamfuata nyuma wakiimba.

Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini kulikuwa na jambo ambalo halikunichekesha. Picha za pasipoti aliendelea kupiga kwa debe, maana wenye haraka hawangojeki. Ila mtu akija kutaka picha ya heshima, ya kuwekwa ukutani, alimwambia, "Vuta subira kidogo, kamera yenyewe iko njiani." Maharusi wakamsubiri, kisha wakaenda kwa mwingine. Mwezi wa sita ukaja, Nasoro akasema wa saba. Wa saba ukaja, akasema meli imechelewa.

Na katikati ya mwezi huo wa saba ndipo alipokuja Bi Zahabu.

Bi Zahabu alikuwa shangazi yake Hoza, dada wa baba yake, akikaa kule Migambo. Alikuwa mwanamke wa maneno na vicheko, umri wake hakuna aliyeujua, na kinywani alikuwa amebakiwa na jino moja tu, la mbele, juu. Siku hiyo alivaa khanga mpya, akaketi kwenye kiti cha studio, akatoa picha kifuani. Ilikuwa ya wifi yake, Bi Sikudhani, dada wa marehemu mumewe, aliyeolewa Handeni. Bi Sikudhani amekaa kwenye kigoda, kinywa wazi kabisa, meno mawili yanaonekana. Nyuma ya picha ameandikiwa: *Mimi bado ninayo mawili. Wifi, unayo au ndiyo umekuwa kibogoyo?*

Mawifi hawa walikuwa na utani wa tangu usichana. Walikuwa wameahidiana kwamba atakayetangulia kuwa kibogoyo atafunga safari mpaka kwa mwenzake, ampikie na kumwandalia kama bibi harusi. Miaka tisa hawakuwa wameonana.

"Sasa nipige, baba," Bi Zahabu akamwambia Hoza. "Nicheke, jino lionekane, tumpelekee Handeni akome. Maana unajua mimi sina picha yenye meno hata moja. Ile ya harusi, aliyonipiga marehemu baba yako, nimefunga mdomo. Bibi harusi alikuwa hachekei watu. Meno yangu yote thelathini na mawili yalikuwemo, na hakuna aliyeyaona."

Aliposikia picha ya harusi, Hoza akaguswa. Akachuchumaa mbele ya shangazi yake.

"Shangazi, ile baba alikupiga kwa kamera yake ndogo. Hii nataka nikupige kwa ndugu yake. Imebaki wiki mbili tu."

"Wiki mbili," Bi Zahabu akasema, kisha akalisukuma jino kwa ulimi. Likayumba mbele na nyuma kama mlango usio na kitasa. "Hili nalo umelipa taarifa?"

"Baba Shali," nikaingilia, nikimwita kwa jina la mtoto wetu, "mpige na hilo debe. Hiyo nyingine ikija, mpige tena. Nani kakukataza kupiga mara mbili?"

Akanitazama kama niliyemshauri amkaribishe shangazi yake chakula kwenye kopo. "Wiki mbili tu, mama. Picha kama hii hupigwa mara moja."

Bi Zahabu alimpenda sana mtoto huyu wa kaka yake. Akakunja picha ya wifi yake, akainuka. "Haya. Nitakula uji."

Akala uji kweli. Siku kumi alikula uji. Kila Mmigambo aliyeshuka mjini alitupa habari za jino, kwamba lipo, linasalimia. Siku ya kumi na moja mjukuu wake akamletea ndizi mbivu. Si muwa, si mfupa, wanangu, ni ndizi mbivu, laini, mtoto mchanga angeila. Bi Zahabu akaing'ata, na alipoitoa kinywani jino limesimama ndani ya ndizi.

Asubuhi iliyofuata akashuka nalo, amelifunga kwenye pindo la khanga. Studio ilikuwa na watu watano waliokuja kwa picha za pasipoti. Akawapita wote, akafungua pindo, akaliweka jino mezani mbele ya Hoza.

"Nimelileta," akasema. "Lipige."

Hoza akainama mezani. Aliangalia jino, akaangalia kinywa cha shangazi yake, akaangalia tena jino. Uso wake ulibadilika.

"Shangazi," alisema mwishowe, "labda tukilishikiza kidogo na..."

"Na nini? Gundi ya bahasha?"

Lakini alikuwa mtu wa mchezo, akakubali kujaribu. Akalibana jino kwenye ufizi kwa ncha ya ulimi, akaketi kitini, Hoza akalinyanyua debe mbiombio. "Cheka, Shangazi!" Alipocheka jino likaruka, likamwangukia mapajani mwalimu mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake. Mwalimu akapiga kelele. Studio nzima ikavunjika mbavu, na Bi Zahabu mwenyewe alicheka mpaka akashika ukuta.

Hoza peke yake hakucheka. Aliliweka debe chini, macho yamemlowa.

"Nisamehe, Shangazi. Kamera hii ilikuwapo. Ilikuwa hapa hapa mezani siku ile."

Bi Zahabu akamfuta uso kwa ncha ya khanga kama mtoto. Akasema polepole, akitafuna hewa kwa zile fizi zake mpya, "Usilie, baba. Lakini ujue: kamera ya kesho haipigi jino la leo."

Wale watu watano waliondoka na picha zao na maneno hayo. Kufika adhuhuri yalikuwa sokoni. Jioni fundi viatu aliyarudia kwa mteja aliyetaka kungoja soli kutoka Dar.

Ahadi ni ahadi. Bi Zahabu akasema amekuwa kibogoyo, kwa hiyo anakwenda Handeni kupika. Hoza akafunga studio siku tatu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata nilipojifungua, akampeleka mwenyewe. Mimi nikafuatana nao, maana niliona nikikosa hii nitajuta.

Tulipofika, Bi Sikudhani akatoka ndani amejifunika khanga mpaka puani. Akatukaribisha kwa sauti ya kubanabana. Bi Zahabu akasimama uani na kikapu chake cha mchele.

"Nimeshindwa, wifi. Nimekuja kupika. Lakini kwanza nionyeshe hayo mawili."

"Pika kwanza, utayaona baadaye."

"Wifi, toa khanga."

"Nina mafua."

Bi Zahabu akanyoosha mkono, akaivuta. Hapakuwa na kitu! Ufizi mtupu, kama wake. Wakatazamana. Kisha nikasikia kicheko ambacho sijapata kusikia tena kinywani mwa wazee, wakashikana mabega wanayumba pale uani.

"Mwongo wewe! Na ile picha?"

"Ya mwaka juzi," Bi Sikudhani akasema. "Alipita kijana mmoja na kamera mbovu, imefungwa kwa mpira isiachane. Nikamwambia nipige sasa hivi, meno haya ni wageni, hayajasema yataaga lini. Yaliaga kabla ya Idi. Nilitangulia mimi, ni kweli, lakini picha ninayo, wifi. Wewe una nini?"

"Nina jino kwenye pindo."

"Basi jiko lile pale."

Na kweli Bi Zahabu akapika, wali laini wa nazi na maharage yaliyopondwa, wenyewe wawili wakala kwa raha bila kutafuna. Hoza hakuuliza mwanga, hakuuliza nani akae wapi. Tangu khanga ilipovutwa debe lilikuwa jichoni mwake. Ile picha kubwa ya vibogoyo wawili wanaocheka, ambayo mnaona watu wakisimama kuitazama studio mpaka leo, ndiyo hiyo. Bi Zahabu alikuwa na nakala yake, na Bi Sikudhani yake. Baada ya hapo walitembeleana kila mwaka.

Kamera mpya ilikuja mwezi wa kumi na moja. Sitaisema vibaya, ilikuwa nzuri kama alivyoiota, ikaingia kwenye kimfuko bila kuzidi wala kupungua. Aliifungulia hapo uani. Mimi nilikuwa nasugua masufuria, mikono ina masizi mpaka viwikoni, kilemba kimelegea. Nikamwona amenielekezea.

"Hoza, acha! Ngoja ninawe. Ngoja nivae lile gauni la kijani, kesho tutapiga vizuri."

*Ka*, nikasikia. Akaishusha, anacheka.

"Mama Shali," akaniambia, "kamera ya kesho haipigi jino la leo."