Kiboko Alivyoilisha Migunga

"Paukwa jani!"
"Pakawa mti!"
"Mti uliota wapi?"
"Kwenye shamba lililoachwa!"

Basi shamba moja la mahindi kando ya mto liliachwa, na migunga michanga ikaota. Kiboko akatoka majini, akajitangaza Mkuu wa Msitu. Mvua iliponyesha, migunga ikachipua. Kiboko akala, nyam nyam, akamaliza. Jua lilipowaka, migunga ikapukutisha majani; Kiboko akala hata yaliyoanguka, nyam nyam, akamaliza.

Digidigi, aliyekuwa akinyonyesha binti yake, hakubakiwa na kitu. Maziwa yakamkauka. Mtoto akalia, nyee, nyee.

Siku moja ya kiangazi Kiboko alisimama mbele ya migunga akifoka.

"Nimeamuru mkue! Mbona hamkui?"

Akakanyaga udongo kwa hasira.

"Imenigomea!"

Digidigi akapiga goti. "Haijagoma, mheshimiwa. Ina njaa. Mahindi yaliufyonza udongo huu ukachoka, nawe umekula majani ambayo yangeoza yakawa chakula chake."

"Sasa itakula nini?"

"Kinachotoka kwako. Nani humu ana tumbo kama lako?"

Kiboko akavimba kwa fahari. Akaenda kula ng'ambo ya mto, akarudi, mkia ukapepea ukitawanya samadi: pwata! pwata! pwata! Kila mti ukapata mgao wake.

"Mbona bado haikui?"

"Ongeza, mheshimiwa. Na majani yaache chini."

Akaenda ng'ambo, akala, akarudi. Pwata! pwata! Kiangazi kizima. Digidigi akawa anaokota jani hapa, jani pale, mengine akiyaacha yaoze. Maziwa yakarudi. Mtoto akanyamaza.

Mvua ikaja, chwaa! Migunga ikanywa, ikala, ikafumuka yote kwa pamoja. Matawi yakashikana, miiba ikawa mirefu kama vidole. Kiboko akaja mbio, mdomo wazi. Akaingiza kichwa. "Uwi!" Akaingiza ubavu. "Uwi! Uwi!" Ngozi yote wazi, haina hata manyoya ya kumkinga. Digidigi na binti yake wakapita chini kwa chini, wakala mpaka wakacheua.

Kiboko akarudi majini akichechemea. Lakini hadi leo hutoa kichwa mtoni akajisifu: "Msitu ule nimeuotesha mimi!"

Na Digidigi, mdomo umejaa, huitikia: "Kweli kabisa, mheshimiwa!"

Ngano yangu imefika kituoni. Aliyeipenda aibebe, aliyeichukia aniachie niitafune mwenyewe. Na funzo lake, wanangu, ni hili: wakubwa tuwaheshimu na tuwaache wale washibe. Wasiposhiba wao, miti itakula nini?