Kisu cha Jogoo Mmoja

Hapo zamani, katika mji mmoja uliopakana na msitu mkubwa, alikuwako Sultani aitwaye Mwinyi Ngwali, mtu aliyependa visu kuliko alivyopenda pilau. Alikuwa na visu vya mpini wa pembe na visu vya mpini wa fedha, na vyote hivyo havijapata kumenya hata chungwa. Basi siku moja mfanyabiashara wa ng'ambo akamuuzia kisu cha kukunja kilichojaa vito, kwa bei ya zizi zima la ng'ombe, na Sultani akaingia nacho msituni kuwinda. Alipotaka kukata kuni, kisu kikamkunjia vidole. Akakikunjua, akajaribu tena, kikavunjika kwenye kiungo. Ikawa Sultani amekula muhogo mbichi katika mvua, akarudi mjini ana mafua na ana hasira. Mafua yalipona.

Kulipokucha mbiu ikapigwa: kila mwenye kisu akilete kwa Sultani, apate kuchagua kimoja cha kwendea porini. Askari wakapita nyumba kwa nyumba, visu vikarundikwa barazani hadi vikafika magotini. Sultani akaketi mbele ya rundo akitoa kasoro: hiki kirefu, hiki kifupi, hiki ghali mno, hiki rahisi mno hata kinatia shaka. Siku zikapita, hakuchagua, na visu vya watu hakuvirudisha.

Mji ukawa kichekesho. Wanawake waliponda vitunguu kwa mchi. Muuza nyama alikuuzia paja zima au akakuaga. Na kwa kuwa askari hawakutofautisha kisu na wembe, ndevu ziliota hata watu wakawa wanaamkiana kwa kubahatisha. Mbuzi nao, walipotambua kwamba hawachinjiki, wakaanza kutembea katikati ya njia kwa maringo, na ukiwafukuza wanasimama, wanakutazama usoni, wanatafuna.

Lakini katika wote hakuna aliyeumia kama Shekue, mchonga miiko, mtu asiye na mbele wala nyuma. Mali yake yote ilikuwa kisu kimoja alichofuliwa na mhunzi kwa jogoo mmoja: chuma kinene cha kipande kimoja, kimetoka nchani hadi mwisho wa mpini, na kimebanwa ubavuni kwa vibao viwili vya mkwaju. Sura hakikuwa nayo. Kwa kisu hicho Shekue alichonga miiko, na kwa miiko akala yeye na mkewe Mwanamvua. Askari walipokichukua walimwachia ala yake, ule mfuko wa ngozi wa kukichomekea, nao ukabaki ukining'inia kiunoni mtupu. Kila mara mkono wake ulikwenda pale ukarudi bila kitu, na moyo ukamuuma upya.

"Mume wangu," akasema Mwanamvua, "chungu hakijapanda jikoni tangu juzi. Hiyo ala siwezi kuipika. Nenda ukakidai kisu chetu."

Basi Shekue akaenda, akaingia barazani, akainama.

"Ewe Shekue," akasema Sultani, "watu wanasema u mjinga."

"Wanasema kweli, Maulana, ila hawasemi ni siku zipi."

Sultani, aliyekuwa amechoshwa na rundo lile, akaona hapa pana mchezo. "Vema. Nichagulie wewe. Kisiwe cha kukunja. Kiwe cha bei ndogo, nisichekwe tena na wafanyabiashara. Na kiwe kisu ambacho mtu akiwa nacho msituni hahitaji kitu kingine chochote. Ukiweza, watu watarudishiwa visu vyao. Ukishindwa, rundo hili lote litayeyushwa, niundiwe kengele ya mlangoni."

Shekue akalitupia jicho rundo. Chini kabisa, kati ya panga na wembe, aliuona mpini wa mkwaju ukichungulia.

"Kitu kingine chochote, Maulana?"

"Chochote. Nimeapa mbele ya watu hawa wote."

Basi Shekue akapiga magoti, akafukua rundo kama kuku jaani, visu vikaruka huku na huku, mawaziri wakapandisha miguu yao juu ya viti. Akaibuka na kisu chake.

"Hiki, Maulana."

"Hiki kibaya hiki? Bei yake nini?"

"Jogoo mmoja. Naye alikuwa chongo."

Baraza likaangua kicheko. Sultani akasema, "Kesho asubuhi tutakijaribu ukingoni mwa msitu."

Asubuhi mji mzima ukawa ukingoni mwa msitu, watu kwa ndevu zao na mbuzi kwa maringo yao. Sultani akaja na mpishi, masufuria, godoro, mwavuli, na wapagazi waliobeba vitu ambavyo hata wao hawakuvijua kazi yake. Akakipokea kisu cha Shekue kwa vidole viwili.

"Kishike kwa mkono mzima, Maulana, hakina kichaa," akasema Shekue. "Sasa kiweke juu ya gogo, ukipige mgongoni kwa rungu."

Sultani akapiga, gogo likapasuka pande mbili. Sultani, ambaye tangu azaliwe hakupata kupasua kitu ila kwa amri, akatazama zile pande mbili kwa mshangao, akapasua gogo jingine. Kisha jingine. Shekue akamwonyesha kukwangua jiwe la gumegume kwa mgongo wa kisu, cheche zikarukia pamba kavu ya msufi, moto ukawaka. Sultani akachoma muhogo mwenyewe, ukaungua upande mmoja, akaula wote akiwa na masizi hadi masikioni. Alikuwa na furaha kama mtoto siku ya Idi.

"Nimepata kisu," akasema. "Wengine wote warudishiwe vyao. Hiki nitakaa nacho mimi."

Watu wakashangilia, mbuzi wakatawanyika. Shekue peke yake hakushangilia.

"Maulana, na mimi?"

"Wewe umechagua vizuri mno. Kisu kama hiki hakirudi kwa mchonga miiko. Sikupi."

Mwanamvua akajifunika uso kwa kanga. Shekue akamtazama mkewe, akaipapasa ala tupu, na uchungu ukampanda hadi machoni. Kisha, ghafla, akawageukia wapagazi akawapigia makofi.

"Haya, jamani, mizigo yote irudi mjini. Maulana ameapa: mwenye kisu hiki hahitaji kitu kingine chochote. Godoro ni kitu. Mwavuli ni kitu. Mpishi ni mtu, lakini sufuria zake ni vitu."

Wapagazi walikuwa wamechoka, hawakungoja kuambiwa mara mbili. Sultani akacheka, maana kisu kilikuwa mkononi na moto ulikuwa unawaka. "Viende. Sivihitaji."

"Viatu, Maulana?"

Sultani akavua viatu.

"Joho, je? Joho nalo si kisu."

Joho likaenda. Kilemba kikaenda. Kanzu ikaenda, watu wakaanza kuuma midomo wasicheke. Ikawa Sultani amesimama kwa msuli wa kiunoni peke yake, tumbo lake kubwa linaota moto, na kisu kibaya kile amekikumbatia kifuani.

Shekue akapiga hatua moja, akasema kwa adabu kubwa na kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, "Na huo msuli, Maulana. Je, unauhitaji?"

Mji wote ukanyoosha shingo. Sultani akautazama umati, akamtazama Shekue, na fundo la msuli, lililokuwa limelegea tangu gogo la tatu, likachagua saa ileile kufunguka. Sultani akaudaka msuli kwa mikono yote miwili, na kisu kikaanguka mchangani.

"Ala!" akasema Sultani.

"Ala ninayo, Maulana," akasema Shekue, akiinua ule mfuko mtupu kiunoni. "Nilichokuja kuomba ni kisu."

Kicheko kilichozuka hapo kilianza kwa Sultani mwenyewe. Alicheka hadi akakaa chini, na kukaa chini kukamsaidia. "Kiokote, mwanaharamu mkubwa wewe," akasema akifuta machozi, "kimenishinda. Msuli nauhitaji."

Basi Shekue akakiokota kisu, akakifuta mchanga, akakichomeka. Kikaingia alani kwa ule mlio wake mdogo aliokuwa ameukosa siku zote zile, na Mwanamvua alipousikia akafunua uso, akacheka huku analia.

Siku ya pili watu walimwona Sultani Mwinyi Ngwali akikatiza sokoni kwa miguu yake, amembana jogoo kwapani, anaulizia nyumba ya mhunzi. Jogoo wa pili alikuwa amekwisha kumpeleka kwa Shekue, naye huyo alikuwa na macho yote mawili.

Nami hekaya yangu naichomeka hapa; atakayeichomoa na aangalie vidole vyake.