Magamba Mlangoni kwa Mzee Faki

Mfunga hori ana magamba mlangoni. Methali hiyo mmeisikia leo sokoni mkacheka, na sasa mnaniuliza imetoka wapi. Mimi siicheki, wajukuu zangu. Imetoka kwenye wavu wa mama yangu, na chanzo chake ni hiki.

Hori letu, huu mkono wa bahari unaoingia mpaka kwenye mikoko, lilikuwa likifungwa kila mwaka wakati wa joto la kaskazi, samaki wadogo wanapoingia humo kukua. Mkubwa wa hori alifunga kuti la mnazi kwenye mti, na tangu hapo hakuna wavu wala dema la kutegea samaki mpaka yeye mwenyewe alifungue. Aliyevunja mwiko wavu wake ulikatwa mbele ya watu, nyumbani kwa yule aliyefunga kuti. Ilikuwa sheria nzuri. Nasema hivyo ili msidhani nina chuki nayo.

Mwaka wa kisa hiki mkubwa wa hori alikuwa Mzee Faki Hamadi, mtu wa maneno mengi. Kila tukikutana naye alituhubiria subira, mvumilivu hula mbivu, huku kitambi kimemtangulia.

Mama yangu, Mize binti Shaame, alikuwa mjane. Riziki yetu yote ilikuwa kwenye wavu mmoja wa kutandia dagaa, alioushona mwenyewe kwa miezi mitatu. Basi hori likiwa limefungwa, bahari ikachafuka siku nne, hakuna chombo kilichotoka. Mimi nilikuwa mtoto, nimelala na surua, ugali haupiti kooni. Mama akateremka horini, akatanda mara moja tu, akapata dagaa wa supu, viganja viwili. Walimkamata akiwa bado yumo majini.

Hakukana. Alipita nyumbani akanibeba mgongoni, akaongozana na watu hadi kwa Mzee Faki. Mzee alikuwa ameshasimama mlangoni, kisu mkononi.

"Mize, sheria haina mjane wala yatima," alisema.

"Najua, Mzee Faki. Nina mgonjwa, lakini kosa ni langu. Ukate."

Akainama kuuweka wavu chini pale mlangoni. Aliokota kitu, akakiweka kiganjani, akawaonyesha watu. Lilikuwa gamba la mkizi, pana kama ukucha wa kidole gumba, bado bichi. Watu wakatazama chini. Yalikuwapo mengi, kuku wanayadonoa.

"Mzee, leo mmekula nini hapa?" mama aliuliza.

"Nimenunua samaki."

"Kwa nani? Wavuvi wote ndio hawa wamesimama."

Mzee Faki aliwatazama wavuvi mmoja mmoja, nao wakaangalia pembeni.

"Mambo ya nyumba ya mkubwa hayazungumzwi mbele ya watu," alisema. Akauchukua wavu wa mama, akaukata vipande vipande.

Wa kwake ulikuwa umetundikwa ukutani, unachuruzika maji, na hakuna mwanamume hata mmoja aliyenyoosha mkono kuushusha. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko kisu chenyewe. Watu wazima, wanaopambana na papa, wakamwogopa mzee mwenye kitambi.

Lakini asubuhi yake wote waliingia horini na nyavu zao. Kama mkubwa anavua, walisema, na sisi tuvue. Kuti lilikuwa bado limefungwa mtini, wakalipita. Walizoa samaki wakubwa kwa watoto, siku baada ya siku, bila haya. Mwaka uliofuata hori lilitoa matope na kaa wachache. Watoto walilala njaa, na si wa mama yangu peke yake. Na hapo Mzee Faki, ulimi hauna mfupa, akatangaza kwamba balaa hili limeletwa na yule mwanamke aliyevunja mwiko. Wapo waliomwamini.

Mama yangu ndiye mtu pekee wa mji huu ambaye hakuvua horini siku zile zote. Angevua na nini? Jirani alipomletea maneno ya Mzee Faki, alikuwa anapepeta mchele wa watu. Hakugombana, wala hakuacha kupepeta.

"Mwambie nimesikia," alisema. "Mfunga hori ana magamba mlangoni."