Jini wa Mlima na Majoho ya Uchina

Alitawala katika mji wa Songwon, nchi ya Korea, sultani mwenye haiba na majeshi, jina lake Mundeok, na baraza lake lote lilivaa majoho ya hariri yaliyokatwa kwa mtindo wa Uchina, na kuandika kwa hati ya Uchina, na asiyeijua hati hiyo hakuhesabiwa kuwa mtu. Basi jini wa mlima ulio juu ya mji, ambaye wahenga walimwita babu, mlinzi wao, akamnyakua binti sultani, Yeonhwa, akamfungia ndani ya mwamba, na sultani akanadi kwamba atakayemrudisha atamwoa na kupewa uwaziri, na atakayeshindwa atakatwa kichwa.

Waziri mkuu akapanda mlima, mikono ya joho lake ikiburuzika kwenye umande, akasoma dua kwa Kichina fasaha. Mwamba kimya. Kichwa chake kikaenda. Na wenzake wakapatwa na maradhi ya ghafla, huyu tumbo, yule goti.

Ndipo akaja Manseok, msomi aliyeumaliza ujana wake juu ya hati ile, akafaulu mitihani yote, na baraza likamwambia asubiri kazi, na akasubiri hadi akachakaa.

"Maulana, nitume mimi. Kazi hamkunipa, kichwa hiki nakiweka cha nini?"

Mawaziri wakacheka. "Huyu hata joho hana!"

"Joho mnalo ninyi. Binti yuko wapi?"

Akapanda na koti fupi alilolishona mamake. Akafumbua kinywa asome dua ya Kichina aliyoihifadhi, na kutoka ndani ya mwamba akasikia kilio: "Mama, nasikia baridi." Usomi wote ukamtoka, akasema kwa lugha ya jikoni kwao:

"Babu, mtoto wetu anatetemeka. Tufungulie."

Mwamba ukapasuka, na jini akatoka kama moshi, amemshika Yeonhwa mkono, machozi yakimtiririka.

"Kumbe mpo! Miaka na miaka wananijia wageni, nguo si zenu, maneno si yenu. Nikadhani mmekwisha, nyumba imetekwa. Nikamsikia huyu analia kwa lugha yangu, nikamficha asije naye akapotea."

"Tupo, babu," akasema Manseok, kichwa chini. "Tulikuwa tunaona haya tu."

Akaozwa Yeonhwa, akapewa mali na uwaziri. Watu wakamuuliza kama vitabu vya Uchina vichomwe.

"Thubutuni! Hati ile nimeisomea kwa njaa, ni yangu pia. Ila kwa babu tutakwenda kama sisi."

Basi msikilizaji na azingatie: vaa joho la mgeni likikupendeza, lakini ukibisha hodi kwenu, bisha kwa sauti wanayoijua.